Kuanza upinde wa Kikorea ukubwani: mita 145 zinaweza kusubiri

Mtu mzima akisema anataka kujifunza sanaa ya mapigano ya Korea, wengi humwelekeza taekwondo. Ni mchezo mzuri, ila nyonga za mtu wa miaka 40 aliyekalia kiti cha ofisi tangu amalize chuo haziyapendi mateke ya juu. Gukgung, upigaji mishale wa jadi wa Wakorea, ni habari nyingine kabisa. Nenda kiwanja chochote cha Korea utakuta wapigaji wengi ni watu wazima, na mzee wa miaka 70 kumwacha kijana nyuma kwa idadi ya mishale iliyogonga hakumshangazi mtu. Hakuna kuruka, hakuna kubwagwa chini, wala hakuna mpinzani wa kukuvunja pua. Kinachomkwamisha mtu mzima ni haraka ya kuvuta upinde unaomzidi nguvu, na makosa mengi ninayoyataja hapa chini yanaanzia hapo.

Kwanza ujue unaingia wapi. Enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, upinde ulikuwa kiini cha mtihani wa serikali wa kuajiri maofisa wa jeshi. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1894, na upinde ukatoka jeshini pamoja nao. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mfalme Gojong akajenga kiwanja cha Hwanghakjeong ndani ya kasri la Gyeonghuigung, Seoul. Mwaka 1922 kikahamishiwa Sajik-dong, chini ya mlima Inwangsan, na hadi leo watu wanapiga mishale pale. Viwanja vya aina hii vina majina yanayoishia na -jeong, na viko kila pembe ya nchi. Kila kimoja kina mkuu wake, sadu, na mwalimu wake, sabeom. Mwaka 2020 serikali ya Korea Kusini iliuingiza upigaji mishale wa jadi katika orodha ya urithi wa taifa usioshikika.

Umbali ni mmoja tu: mita 145. Ubao wa shabaha una upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.67, umelazwa kwa nyuma nyuzi 15. Hakuna alama za duara la ndani na la nje. Mshale ukigonga popote kwenye ubao umehesabiwa, ukikosa umekosa. Wageni husikia hivyo wakadhani ni rahisi. Sasa nyoosha mkono: kutoka pale unaposimama, ubao mzima unafichwa na ukucha wa kidole gumba. Kosa la nusu nyuzi tu kushoto au kulia, kwa umbali huo, linausogeza mshale mita 1 na robo, na kutoka katikati ya ubao hadi ukingo ni mita 1. Mshale unakaa hewani kama sekunde 3, muda unaoutosha upepo kufanya utakalo. Mishale hupigwa mitano mitano, na kila mzunguko wa mitano huitwa sun.

Vifaa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kuna upinde wa pembe, gakgung, na upinde wa kisasa wa faiba au kaboni wenye umbo lilelile, unaoitwa gaeryanggung. Anayeanza achukue wa kisasa. Hauhitaji kupashwa joto kabla ya kutumika, hauogopi unyevu kama ule wa pembe, na ukiukosea haukugharimu mshahara. Kuhusu uzito wa kuvuta, anza na paundi 30 hadi 35, yaani kilo 14 hadi 16, au chini ya hapo kama mabega yako hayajazoea kazi. Wanaume hasa hawapendi kusikia hili. Wanamwona jirani anavuta paundi 50 nao wanataka hizo hizo, ilhali upinde wa paundi 35 wenye mshale mwepesi unafika mita 145 bila taabu. Utainua mkono juu kidogo zaidi, basi. Wakorea wenyewe wana kanuni ya zamani, yeongung jungsi: upinde laini, mshale mzito. Anayeanza achukue nusu yake ya kwanza. Kipimo changu ni hiki: uvute upinde mpaka mwisho, ushikilie sekunde 10, uurudishe taratibu, kisha urudie mara 10 kwa mapumziko mafupi. Mkono wa kushoto ukianza kutetemeka kabla ya mara ya sita, upinde huo si wako bado. Baada ya miezi kadhaa ongeza paundi 3 hadi 5, na si zaidi.

Urefu wa mshale hupimwa kwenye mwili. Nyoosha mkono wa kushoto pembeni, mtu akupime kutoka katikati ya koo hadi ncha ya kidole cha kati. Jibu lake humpa mwalimu mahali pa kuanzia, na watu wengi huangukia karibu na sentimita 79. Anayeanza aongeze kidogo juu ya kipimo chake. Mshale mfupi ni hatari ya kweli, kwa sababu katika mtindo huu mshale unapita juu ya mkono unaoshika upinde. Ukiuvuta mpaka kigumba, yaani ncha ya mbele ya mshale, kikapita nyuma ya kishikio, kisha ukaachia, unaweza kujichoma mkono au kuupasua mshale kiganjani. Bandika utepe wa rangi mahali mshale unapotakiwa kuishia, na mwenzako akuangalie wiki za mwanzo, maana wewe mwenyewe huwezi kuuona utepe huo huku ukitazama shabaha. Uzito hupimwa kwa don, ambayo ni gramu 3.75. Mshale wa don 7 una gramu 26 na kidogo.

Kifaa cha tatu ni pete ya kidole gumba, kkakji. Upote, yaani uzi wa upinde, huvutwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na kidole cha shahada hulala juu ya ukucha wa gumba kuufunga mkunjo. Wengine huongeza na kidole cha kati. Pete ziko za aina mbili: ya kike, amkkakji, ambayo ni duara lenye mdomo unaofunika nyama ya gumba, na ya kiume, sukkakji, yenye kipande kinachochomoza cha kunasia upote. Anza na ya kike. Tundu lake halina umbo la duara kamili: unaivaa ubavuni mpaka ipite kifundo, kisha unaizungusha robo mzunguko ikae sawa. Isipohitaji kuzungushwa ni kubwa, na itatoka na upote siku usiyoitarajia. Gumba likigeuka rangi ni ndogo. Lengelenge karibu na ukucha wiki za kwanza ni la kawaida. Ganzi si ya kawaida, kwa hiyo tafuta pete nyingine au punguza ngozi iliyotandikwa ndani ya pete.

Sasa mazoezi yenyewe. Sabeom mwenye adabu ya kazi yake hatakuruhusu kupiga mita 145 siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Hatua ya mwanzo ni kuvuta upinde mtupu na kuurudisha. Kuurudisha, nasisitiza, kamwe usiachie upote bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale inarudi kwenye upinde wenyewe, na upinde unapasuka au unapinduka. Hatua ya pili ni jusal, mshale uliofungwa kamba ili usiende mbali. Hapo unajifunza kuachia bila kuhangaika na mahali mshale ulipoangukia. Kwa mtu anayefika kiwanjani mara 3 kwa wiki, hatua hizi mbili huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Anayezikimbia hulipia baadaye, kwa sababu kosa lililokwishazoeleka kwenye misuli ya bega halifutiki kwa ushauri wa mdomo.

Simama hivi. Ukiwa umezoea upigaji mishale wa Olimpiki, sahau ule msimamo wa ubavu. Hapa mwili unatazama shabaha karibu moja kwa moja. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kinaelekea kona ya chini kushoto ya ubao, mguu wa kulia unarudi nyuma nusu ya wayo, na nafasi kati ya miguu inalingana na mabega. Magoti yamenyooka bila kukazwa. Kanuni ya jadi inasema kifua kiwe kitupu na tumbo lijae: pumzi ishuke chini, kifua kisitunishwe. Hilo si falsafa tu. Kifua kikitunishwa, upote una kitu cha kukwaruza njiani.

Kisha unainua mikono yote miwili juu, huku mshale umeshapachikwa upande wa kulia wa upinde. Walimu wa Korea hufundisha kwamba inua kama anayejitwisha mtungi wa maji kichwani. Aliyewahi kujitwisha ndoo ameshaelewa: viwiko vinatoka nje, mabega yanabaki chini, shingo haijikunji. Kutoka hapo unashusha na kuvuta kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto unasukuma mbele, kiwiko cha kulia kinazunguka kwenda nyuma, mpaka mshale ulale usawa wa mdomo au chini ya mfupa wa shavu, na mkono wa kulia upite sikio ukae karibu na bega. Huko ndiko kuvuta kamili, manjak. Kaa hapo sekunde 2 au 3. Kanuni hiyohiyo ya jadi inataka mkono wa mbele usukume kana kwamba unausogeza mlima Tai, na wa nyuma uachie kama mkia wa chui milia.

Wanaoanza hutumia akili yao yote kwenye mkono wa kulia, kwa kuwa ndio unaoachia. Mimi naona kazi kubwa iko kushoto. Kishikio hukamatwa na vidole vitatu vya chini: cha kati, cha pete na kidogo. Gumba na cha shahada hukaa tu. Msukumo utoke kwenye shina la gumba. Kama unakamata kwa kiganja chote kama anayeshika mpini wa jembe, upinde utajipinda kila ukiachia na mishale itatawanyika kushoto na kulia bila mpangilio. Kiwiko cha kushoto nacho kizungushwe mpaka mkunjo wake wa ndani usimame wima, usitazame juu. Hilo peke yake huwaponya wengi michubuko ya mkononi.

Hayo ya michubuko yanastahili nafasi yake. Upote ukikupiga ndani ya mkono wa kushoto, chanzo ni kiwiko ambacho hakijazungushwa au kiganja kilichoingia ndani mno ya kishikio. Dawa ya kufunga kitambaa kizito inaficha dalili tu. Upote ukikupiga shavu au sikio, mara nyingi kichwa kimeinama mbele kuufuata upote, au kiwiko cha kulia kimeshuka chini ya mshale na mkono unaachia kwa kuzunguka uso badala ya kwenda nyuma. Vua miwani mikubwa na hereni, rudisha kofia nyuma. Sikio lililopigwa mara moja humfanya mtu aogope, na anayeogopa huachia kabla hajafika mwisho.

Mshale ukianguka chini wenyewe wakati wa kuvuta, mkono wa kulia haujausokota upote. Msokoto mdogo wa kifundo kuelekea ndani ndio unaoukandamiza mshale kwenye upinde. Ukizidisha, ubavu wa kidole cha shahada unaukunja mshale na utauona unatoka huku unayumba mkia. Pachika upya na utafute kiasi cha katikati. Usiushikilie mshale kwa kidole cha mkono wa kushoto, ingawa kishawishi ni kikubwa.

Kosa la mtu aliyechoka huitwa toechok: sekunde ya mwisho mshale unateleza kwenda mbele sentimita 1 au 2, kisha unaachiwa. Kwa macho ya mpigaji kila kitu kilikuwa sawa, lakini mshale unaanguka mita 10 au 15 kabla ya ubao. Mtu anafikiri amelenga chini, anainua mkono. Mshale unaofuata, ambao hakuteleza, unapita juu ya ubao. Hapo sasa anachanganyikiwa kabisa. Ukiona mishale yako inabadilika urefu namna hiyo, usibadilishe unavyolenga. Mwambie mwenzako atazame kigumba tu wakati unashikilia. Akikiona kinatambaa, ama umechoka, ama upinde umekuzidi. Mwili wa miaka 45 una mishale yake ya siku. Katika miezi ya kwanza, mishale 40 hadi 60 kwa siku inatosha, na siku ya kupumzika katikati ni sehemu ya mazoezi. Misuli kuuma kati ya mabega kesho yake ni vizuri. Maumivu makali ya ndani ya bega la kushoto, au nje ya kiwiko, ni ya kusimamisha mazoezi na kurudi kwenye upinde mwepesi.

Kulenga kwenyewe hakuna chombo. Unatumia kigumba au ngumi ya kushoto na kuilinganisha na ubao au kitu cha nyuma yake. Kwa upinde mwepesi, ngumi hupanda juu na ubao huonekana chini yake. Chagua sehemu moja ya ngumi na uishikilie kwa wiki nzima kabla ya kusema haifai. Kabla ya hapo tazama ardhi, kisha upepo. Kanuni za kale huanza na hayo mawili. Bendera ya karibu na ubao mara nyingine hupepea kinyume na nyasi za miguuni pako. Hapo iamini zaidi ile ya ubao, maana huko ndiko mshale unakofika ukiwa umepoteza kasi.

Adabu za kiwanja ni nyingi ila hazichoshi. Mishale mitano huchomekwa kwenye mkanda wa kitambaa kiunoni, gungdae. Watu husimama mstari mmoja na kupiga kwa zamu, mshale mmoja mmoja. Kabla ya mshale wa kwanza unainama na kusema maneno yenye maana ya “najifunza upinde,” na wenzako hukujibu wakikutakia ugonge mingi. Sadu wa kiwanja naye huyasema hayohayo, na mimi naipenda sana hiyo. Ukianza kupiga, kimya. Miongoni mwa kanuni tisa zinazoandikwa kwenye kuta za viwanja kuna kutomwonea kijicho aliyeshinda, na kutovuta upinde wa mwenzako. Hiyo ya pili ina sababu ya kiufundi pia: upinde uliozoea urefu wa mkono wa mtu fulani unaweza kuvunjika mkononi mwa mwenye mikono mirefu. Hakuna anayeokota mishale mpaka ishara itolewe na wote wameweka pinde chini.

Siku ya kwanza ukigonga mshale mmoja katika mitano kuna sherehe ndogo, ukigonga mitatu nyingine, na ukigonga yote mitano, yaani molgi, ndiyo kubwa. Kwa desturi aliyegonga ndiye anayewakirimu wenzake chakula na vinywaji, si wao kumkirimu yeye. Weka akiba. Baadaye huja madaraja ya dan, ambayo mtihani wake ni mishale 45, na kuanzia dan ya 5 lazima utumie upinde wa pembe na mishale ya mianzi.

Upinde huo wa pembe ni kazi ya ajabu. Una mwanzi ndani, pembe ya nyati wa majini upande wa tumbo, kano za ng’ombe upande wa mgongo na mforosadi kwenye ncha, vyote vimeshikwa kwa gundi ya kibofu cha samaki. Gundi hiyo ndiyo udhaifu wake. Kwenye unyevu inalainika, ndiyo maana viwanja vya Korea huwa na kabati la joto la kuhifadhia pinde. Ukipandisha upote kabla upinde haujapashwa sawasawa, au ncha zake zikiwa zimepinda, unapinduka na kuvunjika. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat asijidanganye na upinde huu bila kabati la namna hiyo. Wa kisasa nao usiachwe ndani ya gari juani, tabaka zake huachana.

Ukiwa nje ya Korea, tafuta klabu ya kawaida ya upigaji mishale na uwaeleze mapema kwamba unavuta kwa kidole gumba na mshale wako unakaa upande wa kulia wa upinde, la sivyo watakurekebisha kila dakika. Uwanja wao huenda ukaishia mita 70 au 90. Haina shida, mwaka wako wa kwanza unaweza kuutumia wote kwenye mita 10 hadi 30, mbele ya robota la majani makavu lenye ukuta au kilima nyuma yake. Kwa mita 145 kamili unahitaji na eneo tupu refu nyuma ya ubao, kwa kuwa mshale uliopita juu hauishii pale. Kila mshale wa kaboni ukunje kidogo kwa mikono miwili kabla ya kuupachika, ukiuzungusha huku ukisikiliza. Mshale ukilia hata kidogo, uvunje vipande viwili na uutupe, asije mwingine akauokota.